Alama ya Saba

Kitu cha kwanza Yudith alichokiona kwa fundi wa mashine ya kusaga ni namna alivyoukung'uta mfuko. Unga ukiisha kushuka, Sefu aliupiga ule mfuko wa kitambaa mara mbili, mabaki yaangukie kwenye debe la mwenye mahindi. Kwa Yudith aliupiga mara nne. Yudith alijitwisha debe lake akaipanda njia ya kurudi kwao Myamba, unga umemkaa kwenye kope.

Hiyo ilikuwa kabla dizeli haijawa taabu. Mwaka ule wa themanini na sita vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani Same, sabuni na khanga na hata redio, maana wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kuleta mali kutoka nje. Dizeli nayo ilipatikana, lakini bei yake ilimkimbiza mtu. Tajiri mwenye mashine alileta pipa moja, halafu nusu pipa, halafu akaleta salamu.

Mashine iliponyamaza, kijiji kizima kilisikika kikitwanga. Sefu alishinda amekaa mlangoni juu ya gogo, akisugua spana ambayo haikuwa chafu.

"Fundi, hiyo spana umeioa?" Mama Eliakunda alimtania, akipita na wenzake.

"Afadhali hii, mama. Hainiulizi dizeli iko wapi."

Wanawake wakacheka. Yudith naye alicheka, uso ameufunika kwa khanga. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na maneno yote aliyowahi kumwambia Sefu yalikuwa "Habari za kazi, fundi" na "Asante." Kwao walikuwa Walutheri tangu enzi za babu. Sefu alikuwa Mwislamu, mtoto wa manamba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge kule tambarare. Hayo Yudith aliyajua. Hata hivyo, akipalilia tangawizi alitega sikio bondeni, angalau mashine ikohoe mara moja.

Mwezi wa tisa akaja Bwana Nicolaus kutoka wilayani. Alifikia kwa Mzee Lukasi, baba yake Yudith, aliyekuwa msimamizi wa ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba.

"Shikamoo, mzee. Mafuta tunayanunua kwa fedha za kigeni, na fedha hizo hatuna. Serikali inataka tutumie kile tulicho nacho. Maji yenu yakipita kwanza kwenye gurudumu la kusagia, kisha yaende shambani, hampotezi hata tone."

"Marahaba. Na kiangazi je?"

"Hilo ndilo lililonileta. Yakifika alama ya saba ya mti wa kupimia kila asubuhi kwa siku thelathini, tunajenga. Hata siku moja yakipungua, mtabaki na dizeli yenu."

Mzee Lukasi alivunjika mguu Yudith akiwa darasa la tano, na tangu hapo Yudith aliacha shule akashika kazi ya ndiva. Kwa hiyo daftari la vipimo alipewa yeye.

Kila alfajiri aliusoma mti wenye alama uliosimikwa majini, akaandika. Siku kumi maji yalifika alama ya nane. Siku ya kumi na moja pia yalifika, lakini Yudith alisimama ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi. Gurudumu likija, tajiri ataishusha mashine yake kwenye kambi za mkonge, na Sefu ataifuata. Aliandika tano.

Njiani alimkuta jirani yake, Stumai, mwenye mimba ya miezi minane, amekaa chini kando ya kinu.

"Yudi, nishikie mchi kidogo. Mgongo unanikata."

"Tangu saa ngapi unatwanga?"

"Tangu jana," Stumai alisema, akijaribu kucheka.

Yudith alitwanga mpaka mahindi yakaisha. Kisha alilitoa daftari, akaifuta ile tano kwa kidole chenye mate, karatasi ikakaribia kutoboka. Akaandika nane.

Maji hayakupungua mpaka siku ya thelathini; gurudumu lilijengwa mwaka uliofuata, na lilisaga vizuri. Wanawake walikwenda na kurudi kabla jua halijapanda, na Stumai alikwenda na mtoto mgongoni. Lakini mlio wa gurudumu ulikuwa mdogo, haukufika kwenye shamba la tangawizi.

Siku mashine ya dizeli ilipoondoka, wanaume wanane waliibeba kwa magogo mpaka kwenye lori. Sefu alikuja nyuma na sanduku lake la spana. Yudith alikuwa amesimama barabarani na mzigo wa majani ya ng'ombe, akijifanya anapumzika.

"Binti Lukasi," alisema Sefu. "Nasikia namba zile uliandika wewe."

"Ndiyo, fundi."

"Zilikuwa za kweli?"

"Za kweli."

"Basi hukunikosea. Nilichoka kuwaona mama zetu wakitwanga huku mimi nimekaa na spana."

Alipandisha sanduku kwenye lori, akashika ubao apande. Yudith aliutua mzigo chini. Wanaume wote wanane walikuwa wanasikia.

"Kuna siku niliandika tano," alisema. "Maji yalikuwa nane. Nilitaka ubaki, Sefu. Mpaka leo nataka."