Kofia ya Mkaguzi

Kata iligonga ukingo wa mtungi, ko, gizani, nikashtuka kama nimeitwa kwa jina.

"Ni mimi," mama mkwe wangu, Bi Mwahija, akasema kutoka uani. "Nateka maji ya udhu. Hujalala wewe?"

"Nimelala, mama."

"Umelala macho wazi! Mzungu hali watu, mwanangu. Nenda kafundishe."

Rahisi kusema. Mwalimu wa Kiingereza, mama wa Kizungu, alikuwa amekwenda kwao likizo. Mimi, niliyejifunza Kiingereza darasa la jioni huku mwanangu Mboni akininyonya, nikapewa wanafunzi wake wa darasa la kumi hapo Lindi. Siku hiyo mkaguzi wa Kizungu anakuja. Akiridhika, nabaki na darasa, kisha napelekwa chuo cha ualimu. Asiporidhika, basi, ndiyo mwisho.

Tulikuwa tunasoma mchezo wa kuigiza wa zamani, wa kuchekesha: mtumishi anavaa joho la bwana wake mchoyo na kumtia adabu mbele ya wageni. Mwanzoni hakucheka mtu. Waliusoma kama wanasoma hitima.

"Mwalimu," Likwata, kijana wa kijiji cha Kitomanga, aliniuliza, "mtumishi huyu mbona hapigwi?"

Nikafikiri. Nikasema, "Chukulieni kwamba yeye na bwana wake ni watani."

Ee! Darasa likapasuka kwa kicheko. Watani wanawajua: mtu anakuja msibani kwako, anajilaza ndani ya kaburi, hatoki mpaka apewe kitu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kuanzia hapo hata Kiingereza kikawatoka midomoni kama chao. Nikajiona nimeweza.

Siku hiyo ya ukaguzi Bi Mwahija alikuwa na safari ya shamba, kwa hiyo nilikwenda skuli na Mboni, nikamkalisha karibu na mlango. Mkaguzi alikaa mbele, kofia yake juu ya goti. Mkuu wa skuli, Mwalimu Klementi, alisimama nyuma yake, fimbo kwapani.

Vijana wakaanza. Likwata, ndani ya kanzu kuukuu iliyokuwa joho letu, alisema maneno ya mtumishi vizuri, vizuri mno. Kisha akatoka nje ya mchezo. Akamwendea mkaguzi, akaichukua ile kofia gotini, akaivaa.

"Bwana," akasema kwa Kiingereza safi, "hii ni yangu sasa. Ikomboe."

 Uso wa mkaguzi uliiva kuanzia shingoni.  Nilimwona Likwata anangoja, anatabasamu, hana habari. Kwao kofia ikishachukuliwa, zamu ni ya mwenyewe kuikomboa.

"Likwata!" Mwalimu Klementi alinguruma, akiinua fimbo. "Toka! Kafungashe sanduku lako!"

Tabasamu likamwisha. Akanitazama mimi.

Ningeweza kunyamaza. 

"Mimi ndiye niliyemfundisha," nikasema, sauti nyembamba kama ya mgonjwa. "Bwana mkaguzi, niliwaambia mtumishi na bwana ni watani. Naye amekufanya mtani wake. Hakukudharau. Mtu usiyemhesabu kuwa wako humchezei hivyo."

Mkaguzi akanigeukia. "Na ananidai nini?" akauliza kwa Kiswahili, polepole.

"Chochote, bwana. Hata punje ya korosho. Ila usimpe kwa hasira."

Mungu wangu, nani aliniambia niongeze hilo la mwisho? Mwalimu Klementi alifumba macho. Mkaguzi akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akatafuta mfuko wa pili, akapata kipande cha penseli, akakiweka kiganjani mwa Likwata. Kofia ikarudi gotini. Hakutabasamu hata chembe.

"Endeleeni," akasema. "Sijaona bado bwana huyo anaishia wapi. Na mwezi ujao nitarudi kuona sehemu ya pili. Mama huyu ndiye aifundishe."

Fimbo ya Mwalimu Klementi ilishuka. Likwata akameza mate, akayatafuta maneno yake, akayapata. Nyuma huko mmoja akacheka kidogo, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu, kisha wa pili, kisha wote. Mimi sikuweza. Nilikwenda mlangoni, nikachuchumaa, nikamshika Mboni mashavu.

"Mama," akasema, darasa zima likasikia, "mikono yako ina baridi."