Saa Moja Kando Yake

Wapinzani wa Meya walimnyima kura, na wengine walimnyima hata salamu, lakini jambo moja walimkubalia bila ya ubishi: katika kuandika rambirambi hakuwa na mfano. Aliandika kwa mkono wake, kwa wino wa buluu, wala hakumwachia katibu hata anwani. Zilikuwapo nyumba mjini ambamo barua yake ilitiwa fremu, ikatundikwa ukutani kando ya picha ya marehemu, na wageni wakaisoma wakajifuta macho. Alijua wapi pa kumtaja Mola, wapi pa kuutaja ucheshi wa aliyekwenda, na wapi pa kunyamaza.

Kilichomshinda ni kuwatazama wagonjwa. Mfiwa hana swali. Hupokea mkono, hushukuru, huinamisha kichwa. Mgonjwa hukutazama usoni na kungoja. Kwa hiyo daktari alipomnong'oneza kwamba Fundi hana siku nyingi, Meya alisema atakwenda kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Fundi huyo alikuwa mshona nguo, rafiki yake tangu ujana, walipolala chumba kimoja cha kupanga wakigombea shuka moja. Ndiye aliyemshonea koti la kwanza la kuombea kura, na kola ilipochakaa akaifumua, akaigeuza, akaishona upya, ili watu wasione kwamba mgombea wao hana koti la pili.

Asubuhi moja ofisini Meya alishikwa na hofu. Msiba ukifika na mkono ukatetemeka, je, Fundi ndiye atakayepata barua mbovu kuliko watu wote? Akaona bora aiandike mapema, akili ingali imetulia. Barua ikatoka nzuri kupita zote alizowahi kuandika. Akaitia katika bahasha, akaandika jina la mke wa Fundi, na kabla hajaifungia katika mtoto wa meza akaitwa kikaoni. Aliiweka mezani bila ya kutazama, nayo ikaangukia kwenye trei ya barua za kutoka. Tarishi, mtu mwepesi asiyependa kuona bahasha imelala, akaizoa pamoja na nyinginezo.

Siku ya pili yake katibu muhtasi aliingia bila ya kubisha hodi.

"Mheshimiwa, mke wa Fundi amepiga simu. Anasema barua imefika."

"Barua gani?"

"Ya rambirambi. Anasema mwenyewe ameisoma."

"Mwenyewe nani?"

"Marehemu," alisema katibu, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. "Astaghafirullah! Fundi, mheshimiwa. Fundi mwenyewe."

Meya aliitazama trei. Ilikuwa tupu, safi, kama kiganja kilichofunguliwa.

Mke wa Fundi alimpokea mlangoni, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mwimo, kama asiyeamua bado kumpisha.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuzika? Umewahi mno. Bado anakunywa chai."

"Nisamehe, shemeji. Ile barua haikuwa ya kutumwa."

"Miwani yangu imevunjika, nikampa yeye anisomee. Nilidhani umeandika kwamba unakuja."

 Meya alivua viatu akaingia.

Kitanda kilikuwa katika chumba cha kushonea, kwa amri ya mgonjwa mwenyewe, aliyetaka dirisha lake. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Futi ilining'inia kwenye msumari wake. Fundi aliegemezwa mito mitatu, amekonda hata shati alilojishonea kwa mikono yake lilionekana la kuazima.

"Mheshimiwa!" alisema, na kicheko kikageuka kikohozi. "Umenikatia nguo kabla ya kunipima!"

"Ndugu yangu, nihukumu utakavyo."

"Nikuhukumu kwa barua tamu kama hii? Mama watoto, mpe kiti. Hebu sikilizeni." Akavaa miwani yake. "'Katika maisha yake hakuwahi kumpandishia mtu sauti.' Nani kakuambia? Muulize huyu hapa."

"Siku ile ya pasi," alisema mkewe akiwa bado mlangoni, uso umekunjwa, "mtaa mzima ulitoka nje."

"Shati la bwana harusi lilikuwa limeungua!"

"Na aliyeliunguza ni wewe!"

Wakacheka, hata Meya, na kwa muda mfupi alidhani jambo lile litapita kwa mzaha na yeye atarudi ofisini salama. Fundi akaendelea, kidole kikifuata mistari. "'Laiti ningejaaliwa saa moja tu ya kukaa kando yake.'" Akavua miwani, akamtazama rafiki yake usoni. "Basi kaa. Saa yenyewe ndiyo hii."

Meya akakaa. Simu ilimtetemea mfukoni, akaizima. Alitafuta la kusema, na maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuondoka. Alikuwa nayo mengi, mazuri, yamepangwa kwa mizani, wala hapakuwa na hata moja la kumwambia mtu anayekutazama.

"Utapona, inshallah," alisema mwishowe.

"Si wewe uliyeandika?" Fundi hakusema kwa uchungu. Alimsogezea karatasi. "Toa kalamu yako. Hapa chini pana neno si langu. 'Ameondoka akiwa ametulia, ameiridhia kadari.' Pafute."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sijatulia. Naswali hapa hapa kitandani, naomba dua, na Mwenyezi Mungu anajua kuwa sina kinyongo naye. Lakini naogopa. Huyu mama watoto akitoka kwenda dukani, nalia kama mtoto mpaka nisikie mlango. Pafute, kisha uandike lililo kweli."

Meya aliukata mstari ule. Kalamu ikabaki juu ya karatasi, nukta ya wino ikaanza kutanuka.

"Niandike nini?"

"Mwandishi ni nani kati yetu?"

Kisha maumivu yakaja, na mzaha ukakoma. Fundi alijikunja akauma mto. Mkewe alifika mara moja.

"Mshike, shemeji. Si mabegani! Chini ya kwapa. Mwinue. Taratibu!"

Meya alishika, na pale aliposhika ndipo palipomuuma Fundi zaidi, akapiga ukelele. Mkono ule uliosifiwa mji mzima haukujua pa kushika. Mke wa Fundi akamsogeza pembeni kwa kiwiko, akamgeuza mumewe peke yake, kwa mikono iliyozoea.

Meya alirudi kila siku baada ya kazi. Alimleta daktari bingwa, naye akamvuta barazani akatikisa kichwa. Garini alitunga maneno ya faraja, na kila alipofika mlangoni yakamponyoka. Fundi alimuuliza daima swali lile lile.

"Umeandika?"

"Bado."

"Usichelewe, bwana."

Akafariki alasiri moja, Meya akiwa ameshika kikombe, akingoja ameze.

Baada ya maziko nyumba ilijaa. Majirani walikaa mpaka chumba cha kushonea, na kama ilivyotarajiwa, mmoja akauliza: "Barua ya Mheshimiwa haisomwi?" Mjane alifungua mtoto wa cherehani, akaitoa katikati ya vifungo na nyuzi, akamkabidhi Meya.

Meya alisimama akasoma. Sauti yake ilikuwa imara. Alipofika pale pa kutompandishia mtu sauti, mzee mmoja aligonga goti akanong'ona, "Na ile siku ya pasi?" na watu wakatabasamu. Alipofika kwenye saa moja ya kukaa kando yake, sauti ilishuka. Kisha akaufikia mstari uliofutwa na ile nukta ya buluu.

Watu walingoja. Kusema kwamba alitulia ni uongo ambao mwenye mauti alikwisha kuukataa. Kusema kwamba aliogopa ni kumvua nguo mbele ya wanawe na jirani zake, yeye aliyewavisha wote. Mdomo ulifunguka, ukafungika.

"Majonzi yamemzidi," alinong'ona mtu. "Alimpenda kweli."

"Kaa, shemeji," alisema mjane.

Akakaa kando yake. "Sikuweza kuandika kitu."

"Najua. Si nilikuwepo?"

Aliichukua barua, akaikunja, akairudisha ndani ya cherehani. Watu wakaanza kuinuka kutoa mkono, mmoja mmoja, kwa mjane kwanza kisha kwa Meya, kwa maana walimwona naye ni mfiwa.

"Tumshukuru Mungu," yule mzee wa siku ya pasi alimwambia Meya, akimbana kiganja kwa mikono miwili. "Ameondoka akiwa ametulia."

Meya alimtazama mjane, na mjane alikuwa akitazama sakafu. Akaupokea mkono, akashukuru, akainamisha kichwa.