Skeli Kubwa

Miaka miwili Makabati hakuwa na wa kupiga naye soga ila panya. Kazi yake ilikuwa kutunza ramani za ofisi ya upimaji, chini kabisa ya jengo, kwenye chumba kisicho na hata dirisha. Hilo jina walimbandika kwa sababu ya makabati yake ya chuma. La kwake walishalisahau.

Asubuhi hiyo mpima mkuu alikuwa anakwenda kijijini wiki nzima na watu wake, na garini kulibaki kiti kimoja.

"Twende ukanishikie fimbo ya kupimia," alimwambia. "Ila kwanza niletee ramani ya kijiji. Skeli kubwa!"

Makabati akashuka ngazi mbio, begi mgongoni. Droo ilikuwa na ramani mbili za huko: moja imeandikwa skeli 1:2,500, na nyingine 1:250,000. Sasa hapo nani asiyejua kubwa ni ipi? Akabeba ya laki mbili na nusu.

Mpima mkuu akaitandaza juu ya boneti. "Kijiji kiko wapi?"

"Hicho hapo, mzee."

"Hicho si kinyesi cha nzi?"

Gari zima likaangua kicheko.

"Si ulisema kubwa? Laki mbili na nusu ni ndogo?"

"Namba ikikua, skeli inapungua. Kwani shule uliishia wapi?"

"Getini!" akadakia dereva.

Makabati akarudi chini, uso umemvimba. Akaziweka zote mbili mezani, maana hakuwa mtu wa kubeba kitu asichokielewa. Kwenye ya 2,500 kila nyumba ilionekana, na kisima, na uchochoro. Akakodoa macho. Kumbe ni mkate! Ukiukata vipande vichache, kila kipande kinajaa mkononi. Ukiukata laki mbili na nusu, unabaki na chembe. Akacheka kwa sauti, peke yake.

Alipotoka, gari lilikuwa linanguruma.

"Umekawia, Makabati. Nimemchukua mlinzi wa geti." Mpima mkuu akaipokea ramani dirishani.

"Mzee, nimeelewa! Ni kama mkate!"

Kioo kilikuwa kimeshapanda. Kwenye kiti cha nyuma, mlinzi akampungia mkono, akidhani anaagwa.

"Mkate," Makabati akasema tena, taratibu.

Gari likakata kona. Geti likabaki wazi, na wa kulifunga ndiye huyo kaondoka. Makabati akaenda akalifunga mwenyewe.