Mashine Namba Saba

Romani alichagua kiti cha mwisho kwenye korido, ili sikio la kushoto lielekee mlangoni. La kulia lilibaki kwenye kiwanda cha misumari kule Ubungo, pamoja na miaka yake tisa ya ukibarua. Kompyuta alikuwa ameipakata mapajani. Betri ilishaisha, na mhudumu alikuwa amemwambia soketi za ofisi ni za wafanyakazi. Saa tano ilikuwa inakaribia. Alitoka nyumbani Bunju alfajiri, chai hajanywa, na hapo Kinondoni hakuna aliyemuuliza shida yake.

Alikuja kumwona mlezi.

Mjini hapa nani hana mlezi? Kwaya, timu ya mtaa, akina mama wa kikoba, wote hutafuta mkubwa mmoja wakaliandika jina lake juu ya barua, na milango ikafunguka. Romani alilijua hilo tangu enzi za muziki. Yeye na Twalib, kibarua mwenzake, walirekodi mashine za kiwandani kwa simu, wakachanganya na nondo na mapipa waliyoyagonga wenyewe, wakawa wanawarusha watu kwenye vigodoro vya Temeke, zile ngoma za mitaani za kukesha. Mlezi wao siku hizo alikuwa mwenye duka la spea. Kazi yake ilikuwa kukaa meza ya mbele na kutajwa jina, basi.

Kisha mashine namba saba ikamvuta Twalib mkono, halafu ikamvuta mwenyewe. Uongozi ukasema siku ile hakuwepo kiwandani mtu wa jina hilo. Na kweli kwenye daftari hakuwemo, maana vibarua waliingia getini kwa kuhesabiwa vichwa, kama mbuzi. Romani hakugonga chuma tena. Alijifunza kutengeneza michezo ya kompyuta kwa video za bure za kwenye simu, na kwa miaka minne akatengeneza mmoja tu. Mchezaji ni kibarua, anafuata mdundo wa mashine walizozirekodi wao, moja baada ya nyingine. Akifika namba saba mashine inasimama, kunakuwa kimya, na Twalib anasikika kwa sauti yake mwenyewe: "Mie Twalib, zamu ya asubuhi, mashine namba saba." Hapakuwa na ushahidi mwingine duniani kwamba aliwahi kukanyaga pale. Romani alikuwa amemwahidi Bi Tunu, mama wa marehemu, kwamba siku ya uzinduzi atamsikia mwanawe, na watu wote watamsikia.

Ila mchezo nao ulihitaji kusajiliwa. Kwa heshima tu, kwenye barua ya usajili, pale pa wenye kazi, alimwandika mlezi wake mpya, Mheshimiwa Audax, wa kwanza, yeye akajiweka wa pili. Hapo ndipo alipopotea, na hakuna wa kumwonya, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyofanya.

Saa sita na nusu aliitwa.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, kijana wangu. Kaa." Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na tatu. Audax naye udiwani aliupoteza zamani, ila uheshimiwa hakuurudisha. "Tumepata mdhamini. Kile kiwanda cha misumari."

Romani aligeuza sikio lake zima. Alikuwa amesikia vizuri.

"Mheshimiwa, hao ndio waliomkana Twalib."

"Uongozi ulishabadilika. Wameucheza, wameupenda. Tatizo hiyo namba saba, inakata raha. Mashine isisimame. Mtu apite tu."

"Naomba niuchukue mzee, nikatafute njia nyingine."

Audax alitoa barua kwenye faili, akaigeuzia upande wa Romani, akaweka kidole juu kabisa. "Mwenye kazi nani hapa?"

"Wewe ni mlezi, mheshimiwa."

"Na si ndiyo nakulea? Usipoifanya wewe, Edgar wetu wa kompyuta yupo, ataifanya kesho. Atatoa hiyo sauti na jina lako atatoa. Mie nakutetea, halafu unanikunjia uso."

Romani alitazama dirishani. Alitafuta hasira ndani yake, lakini hasira nayo inataka mtu aliyekunywa chai. Alikuwa amechoka. Alichoka na korido, na barua, na kuitwa kijana.

"Basi naomba soketi," akasema.

Alipewa. Kazi yenyewe haikuchukua hata robo saa.

Wiki mbili zilizofuata alimpigia Bi Tunu mara tatu, na mara zote tatu aliishia kuulizia hali ya miguu yake.

Jumamosi ya uzinduzi, asubuhi, ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi alisifu ubunifu wa vijana, Audax akashukuru kwa niaba ya vijana. Bi Tunu alikuja na baibui jipya, akasukuma watu taratibu mpaka mbele, akakalishwa kwenye kompyuta.

"Shikamoo, mama," Romani alisema.

"Marahaba, baba. Nibonyeze wapi?"

Alimwekea kidole kwenye kitufe. Mashine ya kwanza ikaanza kudunda, na bibi akaufuata mdundo bila taabu, maana alitwanga maisha yake yote. Ya pili. Ya tano. Romani alisimama upande wake, mikono nyuma. Ya saba ilidunda, ikampa pointi, ikapita.

"Bado hajasema?"

"Bado, mama."

"Yuko mbele?"

"Mbele kidogo."

"Haya. Mie masikio yangu mazima, nitamjua tu."

Akasogeza kichwa karibu na spika, akaendelea kubonyeza. Nyuma yake watu walianza kupiga makofi, wakimshangaa bibi anavyoweza. Alikuwa ameshafika mashine ya ishirini na mbili.