Nzuri, Ila

Mzee Rugaibula alipiga simu saa saba mchana, na kama kawaida yake hakuwa na haraka. Binti yake Joanitha alikuwa katika chumba chake cha kazi pale Bilele, mjini Bukoba, kompyuta mbili mbele yake na sahani ya ndizi imepoa pembeni.

"Habari za kijijini Kagoma, Ta?" akauliza, akimwita baba kwa Kihaya.

"Nzuri tu, mwanangu. Na za huko?"

"Nzuri."

"Kibanja hakijambo. Mnyauko wa migomba umepungua. Ng'ombe wazima." Akakohoa kidogo. "Ila mdogo wako Judica tumemleta hospitali alfajiri. Uchungu wa uzazi ulimzidi, damu inamtoka. Wanampasua sasa hivi, wamesema watamwongezea damu. Simu yangu itazima, umeme hakuna tangu jana. Jenereta yao inawasha chumba cha upasuaji tu."

Ikakatika.

Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Hata nyumba ikiwaka, ukiulizwa habari unasema nzuri kwanza, ndipo unamwonyesha mtu moshi. Kumrukia mwenzio na msiba kabla ya salamu ni kukosa adabu, na mzee Rugaibula alikuwa mtu wa adabu.

Joanitha aligeukia kompyuta. Hospitali ile ya kwao aliijua vizuri: friji lake la damu lililindwa na programu aliyoiandika yeye mwenyewe, nayo kompyuta ya pale ilitumia sola. Akafungua ukurasa wake. Taa ya kijani. Chini yake neno moja: Nzuri.

Friji lisilo na umeme tangu jana linakuwaje zuri?

Programu ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa mtumishi asiyeonekana, anayefanya kazi ndani kwa ndani na kupima joto la friji kila dakika. Ya pili ilikuwa ile ya kwenye kioo, yenye taa, na hiyo ilifungiwa katika chumba chake. Haikuruhusiwa kugusa kitu kingine chochote ndani ya kompyuta, ili virusi vikiingia humo visitoke. Ikitaka kujua hali ya friji, hubisha hodi kwenye kidirisha kimoja, ikauliza, na mtumishi akajibu. Sasa Joanitha, mtoto wa baba yake, alikuwa amemfundisha mtumishi salamu: ajibu kwanza "Nzuri", ijulikane kwamba yupo na amesikia, kisha kwa jibu la pili alete habari yenyewe. Miezi minane hapakuwa na tatizo. Wiki iliyopita akakaza ulinzi wa kidirisha: swali moja, jibu moja, kinafungwa. Alijipongeza kwa soda.

Akaingia kutoka mbali kwenye kumbukumbu za mtumishi. Majibu ya pili yalikuwa yamejipanga humo tangu usiku, hakuna aliyeyapokea. Nyuzi joto tisa. Nyuzi kumi na tatu. Nyuzi kumi na nane, hatari. Damu haitakiwi kuzidi sita.

Akampigia Wilbert, mtaalamu wa maabara wa pale. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alimwogopa Mungu na aliiogopa simu ile, na hakujua anaogopa kipi zaidi.

"Dada Joanitha! Habari za Bukoba?"

"Damu iko wapi?"

"Huku nzuri tu, tunamshukuru Mungu, ila umeme—"

"Wilbert! Damu ya mgonjwa wa upasuaji iko wapi?"

Wilbert alikuwa hajawahi kupigiwa kelele na mtu ambaye yeye amemsalimia. "Chupa mbili nimeshazipeleka. Taa yako ilikuwa kijani."

"Taa inadanganya! Damu imeharibika! Kimbia!"

Akasikia kiti kikianguka, kisha viatu vikipiga sakafu, mlango, sauti ya mwanamke ikiuliza kuna nini. Kisha simu ikawa kimya.

Alikaa saa mbili na nusu akiitazama taa ile ya kijani. Angeweza kuizima, lakini hakuizima. Alisali rozari bila rozari, akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya.

Saa kumi kasoro namba ngeni iliita. Sauti ilikuwa ya baba yake, kwenye simu ya kuazima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mzee Rugaibula hakuanza na salamu.

"Judica yu hai."

Joanitha alilia kwa sauti, kama mtoto.

"Chupa ilikuwa imeshatundikwa," mzee akaendelea. "Bado kumchoma tu. Yule kijana wa maabara akaingia mbio, akaing'oa. Ndipo Kashaija jirani na nduguye wakatoa damu, ikapimwa, akawekewa. Mtoto ni wa kike. Wanasema kuna mashine iliyowadanganya. Aliyeitengeneza sijui ni mtu wa namna gani, mwanangu. Sijui kama ana ndugu." Akavuta pumzi, akaikumbuka adabu yake. "Haya. Habari za huko?"

Joanitha alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, lile alilofundishwa kabla ya kufundishwa kutembea.

"Mbaya, Ta," alisema. "Mashine ile nimeitengeneza mimi."