Mbele ya Pangaboi la Kapteni Vollrath

Rubani wangu, Kapteni Ansgar Vollrath, alikuwa ameangusha ndege kumi na tisa za Waingereza, zote gizani. Mimi nilikaa nyuma yake na mtambo wa rada, nikimwambia kushoto, kulia, panda kidogo, mpaka adui awe karibu kabisa. Hapo mtambo haukufaa tena, yakabaki macho yake. Nilikuwa mtoto wa mchimba makaa wa Bochum na shule niliiacha mapema, lakini kazi hiyo niliijua. Vita tulivianza sisi Wajerumani, na hilo silifichi.

Machi 1944 tuliipiga ndege moja tukiwa chini ya tumbo lake, karibu mno. Ikalipuka na mabomu yake yote. Mimi nilikuwa nimeinamia mtambo. Yeye alikuwa akiitazama. Baadaye alisoma herufi zote ukutani kwa daktari, mchana kweupe, akaruhusiwa kuruka. Lakini kila tulipotua usiku, tulipiga chini kama gunia la viazi. Alisingizia upepo.

Jioni moja tulikuwa tukingoja amri katika chumba cha marubani. Taa huwa hafifu humo, ili macho yazoee giza. Tulicheza karata. Vollrath akatupa karata ya pau.

"Shupaza hiyo, mmekwisha," akasema.

Wenzetu wakaangua kicheko. "Kapteni, bia ya mchana bado iko kichwani!"

Mimi sikucheka.

Amri ilipokuja tukatoka nje. Giza lilikuwa linaingia.

"Pohl! Ndege iko tayari?" Vollrath akauliza.

Aliyeulizwa alikuwa pipa la mafuta. Pohl, fundi wetu, alikuwa upande wa pili kabisa, juu ya bawa. Akanitazama mdomo wazi.

"Kapteni, huoni," nikasema.

"Naona vya kutosha. Una mtambo, utaniongoza."

"Mtambo hauoni uwanja. Utatutua wapi, juu ya paa la jiko?"

"Kruse, mama yangu alifia chini ya kifusi Hamburg. Unataka nikae nikimenya viazi?"

"Menya. Mimi sipandi, na wewe hupandi."

"Panda. Hiyo ni amri. Unajua anayekataa amri anafanywa nini."

"Anapigwa risasi. Najua."

"Basi nitaruka bila wewe."

Akapanda, akipapasa ngazi kwa mkono. Alimaanisha alichosema, nilimfahamu. Nikazunguka bawa nikasimama mbele ya pangaboi la kushoto, karibu kiasi cha kuligusa. Injini ikiwaka, ningekuwa nyama ya soseji. Miguu niliikaza palepale.

"Pohl, zungusha!"

Pohl alikuwa ameushika mkono wa chuma wa kuwashia injini. Hakuuzungusha.

"Siwezi, bwana kapteni. Kruse yuko mbele ya pangaboi."

"Mwongo. Amekimbilia kwa daktari kunichongea."

"Nipo hapa, mbishi wewe!" nikapaza sauti. "Angalia!"

Akachomoza kichwa nje. Niliziona sharubu zake, nikaona kishikizo cha kola kilichofunguka. Macho yake yalinipita, yakaenda kwenye ncha ya bawa, yakarudi, yakanipita tena.

"Inua mkono," akasema.

"Nimeshauinua."

Upande ule mwingine wa uwanja injini za wenzetu zilikuwa zinaunguruma, wanaondoka mmoja mmoja. Vollrath alibaki amechomoza kichwa, anatafuta. Kisha akakirudisha ndani, nikasikia mikanda ikifunguliwa.

Akashuka polepole.

"Ningekukatakata," akasema.

"Ndiyo."

"Na usingesogea."

"Nisingesogea."

"Kichwa cha punda. Bochum nzima mko hivyo?"

"Wengine ni wabaya zaidi."

Akanishika mkono wa koti. "Nipeleke kwa daktari. Nitasema mwenyewe. Ukifungua mdomo, nakutia ndani."

Tukaenda, mimi nikimwonya kila palipokuwa na shimo, yeye akinitukana kila nilipomwonya. Daktari alimsikiliza, akafunga pazia, akazima taa akaacha mshumaa mmoja nyuma ya kioo cheusi. Akamuuliza anaona nini.

Vollrath alisimama wima, visigino pamoja, kama alivyosimama kila alipokwenda kuripoti ndege aliyoiangusha.

"Sioni kitu," akajibu. "Andika."