Vikwazo Vilipofika Faza

Rufus, mzaliwa wa Kitale, hakuwa amewahi kukosana na mtu tangu ahamishiwe ofisi ya serikali huko Faza, mji wa kisiwani. Siku balozi alipokuja kutoa msaada wa matangi ya maji, nusura akosane na dunia nzima.

Nchi ya balozi huyo ilikuwa imewekewa vikwazo na mataifa makubwa. Kenya bado ilisalimiana nayo, ila haikupenda salamu hizo zionekane sana. Asubuhi hiyo Madam Chelangat, mkubwa wa Rufus, alipiga simu kutoka Nairobi.

“Mpokee kwa heshima, lakini isizidi. Mkono mpe, usikawie nao. Na usipigwe picha ukicheka.”

“Ninune, Madam?”

“Hapana! Atalalamika. Kaa kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.”

Rufus akaufanyia mazoezi uso huo mbele ya kioo mpaka mashavu yakamuuma. Balozi akaja na mkewe, matangi yakakabidhiwa, mikono ikapeanwa na kuachiliwa upesi. Wageni wakapelekwa kwa Bi Hadia, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, wakale chakula cha mchana. Rufus akashusha pumzi.

Hakuimaliza. Chifu Abdulwahid alimjia akihema.

“Bwana Rufus, kuna Mzungu wa kike pwani, matope mpaka magotini. Alikuwa akenda Kizingitini kutazama mikoko, maji yamekupwa, boti imekwama. Asema yeye ni Emily, wa ubalozini.”

Alipoutaja ubalozi wenyewe, Rufus alichomoa simu mfukoni. Ulikuwa wa nchi ile iliyoongoza kuweka vikwazo.

“Yuko wapi sasa?”

“Bi Hadia keshamwita kula.”

Rufus alikimbia vichochoroni huku akimpigia Madam Chelangat. “Balozi na huyo wasionane!” simu ilifoka. “Nikiona picha moja tu, tafuta kazi nyingine!”

Akamkuta Bi Hadia mlangoni, mwiko mkononi.

“Bi Hadia, nakuomba. Nchi ya huyo Mzungu uliyemwita imeiwekea vikwazo nchi ya balozi.”

“Vikwazo ndiyo nini?”

“Wasiuziane, wasinunuliane, wasitumiane pesa.”

“Na kula?”

Rufus akafikiri. “Kula hakukutajwa.”

“Basi nipisha, mwanangu. Watu wana ndaa. Waume ukumbini, wanawake ndani. Ndivyo tulavyo nti hii.”

Rufus angeweza kulibusu pazia lililotenga ukumbi na ndani. Emily alikuwa keshapita upande wa pili. Balozi alikuwa ukumbini, hana habari. Rufus akaketi kwenye sinia pamoja naye na chifu, akabandika uso wake wa foleni ya benki, akamega samaki wa kupaka. Tonge lilikuwa limefika mdomoni alipokumbuka kwamba balozi alikuja na mkewe.

Nyuma ya pazia kikapasuka kicheko. Kikafuata cha pili, kisha vikachanganyika, na sauti ya Bi Hadia juu yavyo ikisema, “Kuleni, kuleni, msione haya!”

Rufus akainuka nusu, akaketi tena. Mwanamume angeingiaje huko?

Balozi aliacha kutafuna. “Mke wangu hajacheka hivi tangu vikwazo vianze,” alisema taratibu. “Anaongea na nani?”

“Na akina mama.”

“Wa wapi?”

“Wa… hapa na pale, Mheshimiwa.”

Pazia likafunguka. Mke wa balozi alitoka akiwa ameshikana mkono na Emily, aliyejifunga leso za Bi Hadia kwa kuwa suruali yake ilikuwa imeanikwa. Balozi akamtambua Emily, waliyewahi kupishana naye kwenye hafla za Nairobi. Akamtazama Rufus, akamtazama mkewe, kisha akainama kidogo, mkono kifuani. Emily naye akainama. Hakuna aliyetoa simu.

“Karibuni halua,” akasema Bi Hadia.

Maji yalipojaa na wageni kuondoka, kila upande na boti yake, Madam Chelangat akapiga tena.

“Walikutana?”

“Palikuwa na pazia, Madam.”

“Sikuulizi pazia!”

“Walioketi pamoja ni Emily na mke wa balozi. Picha hakuna hata moja. Tena wameagana kwa kukumbatiana.”



“Walikula nini?” Madam akauliza.

“Wali na samaki wa kupaka.”

“Na mimi hapa nimeshindia biskuti,” akasema, akakata.